Bia Nyeusi Si Lazima Iwe Kali

Wengi wanaoonja bia za viwanda vidogo huihukumu bia nyeusi kuwa kali, yaani yenye kilevi kingi, kabla haijagusa ulimi. Rangi inawapoteza. Weusi hutoka kwenye kimea cha shayiri (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) kilichokaangwa hadi kukaribia kuungua, kama buni. Kiasi kidogo tu hutosha kutia giza pipa zima. Kilevi ni habari nyingine: hutokana na sukari iliyoliwa na hamira. Guinness ya pipa, nyeusi tii, ina kilevi cha asilimia 4.2 hivi. Duvel ya Ubelgiji, yenye rangi ya dhahabu, ina 8.5! Kwa hiyo ninapoonja bia, mimi hufumba macho kwanza, nikatafuta harufu ya kahawa, uchungu, uzito mdomoni. Alama ninazoipa bia huandika baada ya hapo, na kilevi nakisoma kwenye lebo.