Semina, safari na kodi ya Marekani: yanayodhaniwa na yalivyo

"Nina mwaliko, kwa hiyo safari nzima naitoa kwenye kodi." Dhana hii imewaponza wengi waliojiajiri Marekani. Kwanza, gharama hutolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi, si kwenye kodi yenyewe. Pili, mwaliko hautoshi. IRS, mamlaka ya mapato ya huko, hutazama ratiba ya mkutano inahusiana vipi na biashara yako wewe. Fundi umeme aliyekwenda kujifunza kupanga bei za zabuni ana haki ya kudai. Mkutano wa siasa, au semina ya kuwekeza fedha zako binafsi, haumo.

Wengine huamini kwamba kikao kimoja kinahalalisha nauli. Kinachoangaliwa ni lengo kuu la safari. Kwa safari ya ndani ya Marekani, lengo likiwa biashara, nauli yote ya kwenda na kurudi inakubalika. Siku za mapumziko ulizoongeza unajilipia. Lengo likiwa matembezi, nauli haikubaliki hata senti, ila ada ya semina na gharama zilizoihusu moja kwa moja. Naona hapa ndipo watu wanapojikwaa zaidi, maana siku huzihesabu miezi baadaye wakijaza ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, wakati zilipaswa kuandikwa wakiwa safarini.

"Nilikwenda na mke wangu, basi nusu ya chumba ndiyo yangu." Hapa mtu anajipunja. Nauli na chakula cha mwenza havikubaliki, isipokuwa awe mwajiriwa wako mwenye kazi ya kweli huko. Lakini kwa malazi unadai bei ya chumba cha mtu mmoja. Cha wawili kikiwa dola 200 na cha mmoja dola 170, dai 170, si 100.

Kwa chakula chako mwenyewe unadai 50% tu ya gharama. Burudani hazikubaliki tangu 2018, na tangu mwaka huo waajiriwa walio wengi hawawezi kudai semina waliyojilipia kwenye kodi ya serikali kuu.

Je, kwa gharama ya chini ya dola 75 huhitaji ushahidi? Risiti unaweza kukosa, lakini tarehe, mahali, kiasi na sababu ya kibiashara lazima viandikwe. Malazi yanadai risiti hata yakiwa dola 40.