Anayefunga Ramadhani Anaweza Kuacha Sigara Moja kwa Moja

Kila mwaka, mwezi wa Ramadhani unapoandama, wavutaji sigara wengi wa Tanga, Unguja, Mombasa na Kariakoo hufanya jambo ambalo miezi mingine yote huapa kwamba haliwezekani. Mtu aliyezoea kuwasha sigara kabla hata ya kunawa uso hula daku, hutia nia, kisha hukaa zaidi ya saa 13 bila kuvuta hata pafu moja. Anafungua duka, anaendesha daladala, anabishana na wateja kama siku zote. Pakiti iko mfukoni mwa kanzu au juu ya kabati, na haiguswi.

Asiye Mwislamu naye anao ushahidi wake. Akipanda basi la alfajiri kwenda mkoani hukaa kitini saa kadhaa mpaka basi lisimame watu wachimbe dawa. Akienda ukweni, mbele ya baba mkwe hathubutu hata kuonyesha kiberiti.

Sisi tunaotoa ushauri kwa wavutaji tunaliona jambo hili kuwa na somo kubwa kuliko mabango yote ya mapafu meusi yanayobandikwa kwenye kuta za hospitali. Mvutaji anajua kwamba sigara inaua. Maandishi ya onyo anayaona kila anapofungua pakiti. Asichokijua ni kwamba sehemu kubwa ya kifungo chake imo katika anachokiamini kuhusu sigara.

Tuanze na mwili, maana kifungo cha mwili nacho ni cha kweli. Moshi ukishavutwa, nikotini, kilevi kilichomo kwenye tumbaku, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 na kuamsha dopamini, kemikali inayoufundisha ubongo kwamba jambo hili ni zuri, lirudie. Lakini nikotini haikai. Kila baada ya saa 2 hivi, nusu yake huwa imeshaondoka kwenye damu. Kadiri inavyopungua ndivyo mvutaji anavyoanza kukosa utulivu: mikono haijui pa kukaa, akili haishiki kazi, hasira ziko karibu. Vijana huita arosto. Akivuta nyingine, arosto inatulia, naye anahitimisha kwamba sigara imemtuliza.

Hapo ndipo penye udanganyifu wote. Sigara inafanya kazi kama mkopo wa kausha damu: leo unapata nafuu, kesho unadaiwa, unakopa tena ili ulipe deni la jana, na unamshukuru mkopeshaji kwa kukuokoa na shida aliyoileta mwenyewe. Asiyevuta hana deni hilo. Anakunywa chai yake, anamaliza, anaondoka, wala hakuna kinachomvuta nje ya mlango.

Sasa turudi kwa mfungaji. Kama arosto ingekuwa ni suala la nikotini tu, basi ingempanda saa hadi saa bila kujali yuko wapi, na ilipofika saa sita mchana angekuwa amechanganyikiwa. Sivyo inavyokuwa kwa wengi. Asubuhi yake hupita vizuri. Ugumu huja baada ya alasiri, na humbana hasa dakika za mwisho kabla ya adhana ya magharibi, wakati tende ziko mezani, uji unapoa, na kiberiti kimeshatolewa. Kinachoipandisha hamu wakati ule ni kujua kwamba ruhusa inakaribia.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2010, Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walichapisha utafiti wa wahudumu wa ndege wanaovuta sigara. Walilinganisha hamu yao katika safari fupi za kwenda Ulaya, za saa 3 hadi 5 hivi, na safari ndefu za kwenda Marekani, za saa 10 au zaidi. Ndani ya ndege zote hairuhusiwi kuvuta. Hamu ilipanda kadiri ndege ilivyokaribia kutua, iwe safari ni fupi au ndefu. Mhudumu aliyekuwa anakaribia kutua baada ya saa chache alikuwa na hamu kubwa kuliko aliyekuwa amekaa muda uleule huku bado ana nusu ya bahari mbele yake. Nikotini iliyopungua ni ileile. Tofauti ilikuwa ni kile walichokitarajia.

Kwa hiyo mvutaji anayesema "nitajaribu kupunguza" amejiwekea mateso asiyostahili. Kila saa anajiuliza: nivute sasa au baadaye? Moja tu itaharibu nini? Mjadala haufungwi, na mjadala usiofungwa ndio unaoilisha hamu kutwa nzima. Mfungaji hana mjadala huo saa nne asubuhi. Ameshaufunga tangu daku.

Lakini ikiwa ni hivyo, kwa nini wengi wao hurudi kwenye sigara jioni ileile, na wengine Idi pili wanavuta kuliko zamani? Kwa sababu wameiahirisha sigara, hawajaiacha. Kichwani bado ni kitu kizuri kilichowekwa pembeni kwa muda, na kila siku wanahesabu zimebaki ngapi. Mtu wa namna hii hata akikaa mwaka mzima atakuwa anasubiri. Msiba ukitokea, ugomvi wa nyumbani ukizuka, au akikutana na rafiki wa siku nyingi, atasema leo ninayo sababu.

Kubadilisha mtazamo ni kuikagua ile faida unayodhani unaipata, moja baada ya nyingine, hadi usiione tena. Ukivuta sigara yako inayofuata, vuta ukiwa umetulia, usifanye kingine chochote. Angalia ladha yake hasa. Angalia harufu inayobaki kwenye vidole na kwenye ndevu. Jiulize ile raha ni ya nini: je, umepata kitu ambacho jirani yako asiyevuta hana, au umerudi tu pale alipo yeye siku zote? Wengi wanaofanya zoezi hili kwa uaminifu hupata jibu kabla sigara haijafika kwenye kichungi.

Imani iliyo ngumu kuliko zote ni kwamba sigara hupunguza mawazo. Tunaisikia kwa madereva wa masafa, kwa walinzi wa usiku, kwa wafanyabiashara wenye madeni. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 zilizofuatilia hali ya akili ya wavutaji kabla na baada ya kuacha. Walioacha walikuwa na wasiwasi mdogo, huzuni ndogo na msongo mdogo kuliko walioendelea kuvuta, hata wale waliokuwa na maradhi ya akili tangu awali. Mawazo ya ada ya shule na kodi ya nyumba hayaondoki kwa kuacha sigara, lakini lile la nyongeza, la arosto inayokuja mara kumi au ishirini kwa siku, linaondoka.

Ipo imani nyingine: "mwili umeshazoea, nikiacha nitaumwa." Hii ina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana inahitaji kufafanuliwa vizuri. Wanaoacha hupata usumbufu. Siku 2 au 3 za kwanza ndizo kali zaidi, na ndani ya wiki 2 hadi 4 hali hutulia. Wengine hukohoa zaidi kuliko walipokuwa wakivuta, kwa sababu vijinyweleo vya njia ya hewa vilivyokuwa vimelazwa na moshi vinaamka na kuanza kusukuma makohozi nje. Wengine hukosa choo kwa siku kadhaa. Maji, matunda na mboga za majani husaidia. Uzito huongezeka, mara nyingi kilo 4 au 5 kwa mwaka wa kwanza, na hatari yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya sigara.

Na hapa wanywaji wa kahawa wasikilize kwa makini. Moshi wa sigara huliharakisha ini katika kuvunja kafeini. Ukiacha kuvuta, ini hurudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Maana yake ni kwamba vikombe vilevile vitatu vya kahawa chungu unavyokunywa barazani kila jioni sasa vinakupiga kama vile umekunywa vingi zaidi. Moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, mikono inatetemeka. Mtu huyu anaamini kwamba ni arosto, na saa saba za usiku anaamka kutafuta sigara. Punguza kahawa kwa nusu katika wiki za kwanza, uone. Kwa sababu hiyohiyo, mgonjwa anayetumia dawa za afya ya akili kama klozapini au olanzapini, au dawa ya pumu iitwayo theofilini, amwone daktari wake kabla ya kuacha ili dozi ikaguliwe.

Kuhusu yule babu aliyevuta hadi miaka 90, yupo kweli katika kila ukoo. Wenzake waliozikwa wakiwa na miaka 55 hawapo barazani kutoa ushahidi. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa na Richard Doll na wenzake tangu mwaka 1951 walionyesha kwamba mvutaji wa maisha yote hupoteza takriban miaka 10 ya umri wake. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliirudisha karibu yote, na hata aliyeacha akiwa na 60 alipata kama miaka 3. Hakuna mzee aliyechelewa.

Ukishafika mahali ambapo huoni tena sigara inakupa nini, chagua siku na uache kwa mara moja. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2016, wenye washiriki karibu 700, uliwalinganisha walioacha ghafla na waliopunguza kidogo kidogo kwa wiki 2. Baada ya wiki 4, asilimia 49 ya walioacha ghafla walikuwa bado hawavuti, dhidi ya asilimia 39 ya waliopunguza. Siku hiyo toa vibiriti na visahani vya majivu nyumbani, fua kanzu na shuka zinazonuka moshi.

Kisha kuna kijiwe. Sigara zetu zinauzwa mojamoja kila kibanda, na mkarimu wa kukupa hakosekani. Akikunyooshea, usimwambie "najaribu kuacha," maana umemfungulia mlango wa kukubembeleza. Mwambie "mimi sivuti, kaka," halafu endelea na mazungumzo. Mara ya kwanza watacheka. Ukilisema bila kusita siku chache, wataacha kukunyooshea. Hamu ikipanda, kwa kawaida hudumu dakika chache tu. Simama, tembea, kunywa maji, tafuna karafuu au tangawizi, nayo itashuka hata usipovuta. Usihamie kwenye ugoro wala shisha. Shisha ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 2016 na Kenya mwaka 2017, na maji yale ya chini hayachuji sumu kama watu wanavyodhani.

Hakuna aibu kutumia dawa. Mtazamo mpya hufunga mjadala, lakini anayewasha sigara ndani ya dakika 30 tangu aamke, au anayevuta moja ya mwisho haraka haraka kabla ya adhana ya alfajiri, mwili wake umefungwa zaidi na anastahili msaada. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, likipendekeza plasta na chingamu za nikotini, vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitisini, pamoja na ushauri nasaha. Si zote zinapatikana kila mahali kwetu. Uliza kwenye duka kubwa la dawa au hospitalini. Mjamzito aanzie kliniki, asijinunulie.

Ukiteleza ukavuta moja, usihitimishe kwamba umeshindwa na kumaliza pakiti. Itupe iliyobaki saa hiyohiyo, mwambie mkeo au mumeo au rafiki unayemwamini, mjue ni mahali gani na hali gani iliyokuangusha. Na utakapokwenda kituo cha afya kwa jambo lolote, iwe presha, kisukari au kikohozi kilichozidi wiki 2, mwambie mhudumu kwamba unavuta au umeacha karibuni. Uvutaji huongeza hatari ya kupata kifua kikuu na ya kufa nacho, na mgonjwa aliyeanza dozi ya TB huku anaendelea kuvuta hupona kwa shida zaidi. Mhudumu akilijua hilo mapema, ataanza nawe ushauri siku ileile unayochukua dawa.