Injini ya 4A-GZE ya kuvuta mbele ndani ya DX ya kusukuma nyuma: anza na oili kabla hujawaza tabo

Wakuu, swali ninaloulizwa sana pale gereji ni hili: mtu ana Corolla DX yake, KE70 safi kabisa, injini yake ya 4K imechoka, ameona injini za Corolla za kuvuta mbele zinapatikana, anataka aigeuze isimame kwa urefu, aifunge tabo (kisukuma hewa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi), gari isukume kwa nyuma. Anauliza, fundi, itaingia? Kuingia itaingia. Ukiwa na grainda na mashine ya kuchomelea hakuna injini isiyoingia kwenye DX. Swali ninalotaka uniulize ni jingine: ikishageuka nyuzi 90, oili yake na maji yake yatakuwa yanakwenda wapi?

Kwa nini napenda familia ya A ya Toyota kwa kazi hii? Kwa sababu Toyota wenyewe waliifanya kwanza. 4A-GE ilitoka 1983 ikiwa imesimama kwa urefu kwenye AE86, Corolla ya kusukuma nyuma, kisha injini hiyohiyo wakailaza kimkingamo kwenye Corolla za kuvuta mbele na kwenye MR2. Bloku ni ileile, 1,587 cc, kwa hiyo sampu (bakuli la oili chini ya injini), mauntingi na belihauzingi (ganda linalounganisha injini na gia boksi) za kusukuma nyuma zipo duniani, ni kuzitafuta tu. Na inazunguka upande wa kawaida. Wapenzi wa Honda muwe makini hapa, zile injini za B na D za zamani nyingi zinazunguka kinyume, ukiifunga na gia boksi ya kawaida ya kusukuma nyuma unapata gia 1 ya kwenda mbele na gia 5 za kurudi nyuma, ndiyo maana wenzenu wanakimbilia K20, inayozunguka upande wa kawaida.

Yangu mimi nilichagua 4A-GZE ya Corolla AE101, ile ya supachaja (kisukuma hewa kinachozungushwa na mkanda wa injini). Kiwandani inatoa farasi 170, pistoni zake ni za kufua, mgandamizo 8.9 kwa 1, yaani imezaliwa tayari kusukumiwa hewa. 4A-GE za valvu 20, yaani 20V, zina sauti tamu sana lakini mgandamizo wa ile ya mfuniko wa silva ni 10.5 na wa ile ya blaki ni 11, kuzifunga tabo kwa petroli ya pampu zetu bila kubadilisha pistoni ni kutafuta msiba. Ukipata 4A-GE ya kawaida angalia ubavu wa bloku uhesabu mbavu, yenye 7 ina bigi endi (shingo za kreniki zinazoshikwa na koni rodi) za 42 mm na pini za pistoni za 20 mm, yenye 3 ni 40 na 18. Kwa tabo chukua ya 7 usifikirie mara mbili.

Sasa oili. Injini ikiwa imelazwa kimkingamo, ukikata kona oili inakimbia kwa urefu wa bloku, ukifunga breki inakimbilia ubavuni. Ukiigeuza, kila kitu kinabadilishana: breki inaitupa oili mbele kwenye pampu, ukikanyaga mafuta inarudi yote nyuma kwenye flaiwili, na kona inaipeleka ubavuni. Vile vibati vya ndani ya sampu ya kuvuta mbele vimekaa kuzuia mwendo ule wa zamani, kwa huu mpya havikusaidii kitu. Halafu juu ya hapo krosi memba ya DX (boriti ya chuma inayopita chini ya injini) inagusa sampu, kwa hiyo fundi anaikata, anaichomelea upya, ikiwa fupi zaidi kuliko mwanzo.

Hilo nimelilipia. Injini yangu ya kwanza nilikata sampu vizuri tu kwa macho, haikuvuja hata tone, sikuweka kibati hata kimoja. Wiki 2 gari ilikuwa inakimbia mpaka raha, siku moja natelemka mlima, breki nzito kabla ya kona, taa ya oili ikawaka kama sekunde 1 ikazima. Nikasema ni waya. Siku ya tatu bigi endi inagonga, nafungua nakuta beringi za silinda 2 zimelambwa mpaka shaba inaonekana na kreniki imechorwa. Taa ile inawaka wakati presha imeshaisha kabisa, haikuonyi mapema, ndiyo maana leo hakuna DX inayotoka kwangu bila gauge ya presha ya oili yenye mshale.

Ninachofanya sasa, natafuta sampu ya AE86 pamoja na mdomo wake wa kunyonyea, viwili hivyo ni ndugu usivitenganishe. Ukikosa, jenga sampu lakini zungushia ule mdomo kiboksi cha bati chenye vilango vinavyofunguka kuelekea ndani tu, oili iingie isitoke. Umbali wa mdomo na sakafu ya sampu uwe kama 8 mm, pima kwa udongo wa kuchezea wa watoto, bandika donge sakafuni, funga sampu, fungua, pima lililobonyea. Na kabla hujaipaka rangi chomelea palepale shimo la kurudishia oili ya tabo, liwe juu ya usawa wa oili, bomba pana linaloteremka moja kwa moja bila kupanda popote. Tabo nyingi zinazotoa moshi wa bluu zikiwa mpya mtu analaumu sili, kumbe oili imekosa pa kushukia.

Maji nayo. Injini za kulazwa, wenye 20V mnalijua hili vizuri, mlango wa maji ya kwenda rejeta uko upande wa gia boksi, na ukishaigeuza mlango huo unatazama ukuta wa kabini. Lazima uyalete mbele kwa bomba. Usizibe nyuma kabisa halafu ukasahau, silinda 4 iko kule nyuma na ndiyo inayokaa kwenye joto lililotuama, acha angalau mpira wa hita utoe maji pale yaendelee kutembea. Mfuniko wa rejeta uwe ndio sehemu ya juu kuliko zote, la sivyo hewa itakaa ndani ya silinda hedi.

Kwenye kreniki kuna kitu kidogo watu wanakiruka. Gia boksi ya kuvuta mbele shafti yake inajishikilia yenyewe, ya kusukuma nyuma ncha ya shafti inaegemea beringi ndogo katikati ya kreniki. Pima hilo shimo kabla ya kununua chochote, likihitaji kuchongwa peleka kwenye kerezo. Gia boksi ya T50 ya AE86 inafunga bila maneno ila kwa tabo haina maisha marefu, mimi napenda gia boksi za Toyota za W55 au W58 na bamba la kuchonga katikati, na hapo dayo gauge (saa ya kupimia mpishano) ni lazima, katikati ya belihauzingi na katikati ya kreniki visipishane zaidi ya 0.1 mm, vinginevyo ile beringi ndogo inakufa na shafti inafuata.

Tabo yenyewe ndiyo rahisi kuliko vyote. Ukigeuza injini ekzosi inakuja upande wa kushoto, na stelingi yetu iko kulia pamoja na breki masta, kwa hiyo nafasi ipo na joto haliunguzi kitu cha hatari. Tabo ya TD04 ya Subaru Forester inatosha sana kwa 1,600 cc, inaamka mapema. Throtoli ya manifoldi ya kuvuta mbele inatazama ukutani, igeuze au jenga manifoldi nyingine. Kompyuta ya injini weka ya kujitegemea, nozeli karibu 400 cc kwa dakika kila moja ukilenga farasi 200, anza na presha 0.5 ba, na ukiwa umekanyaga mchanganyiko ukae hewa 11.5 mpaka 12 kwa petroli 1. Difu ya DX ilitengenezwa kwa 4K yenye 1,290 cc, kwa hiyo iweke kwenye bajeti mapema, na breki pia tafadhali.

Siku ya kuwasha sikimbilii ufunguo. Natoa plagi zote, nakata umeme wa nozeli, nalegeza bomba la oili kwenye tabo, napiga starta mpaka oili itoke pale, nakaza, napiga tena huku naangalia mshale. Sekunde 20 mshale haujapanda, naacha, nashusha sampu.