"Alikwenda mwenyewe" haimwondolei haki

Binti wa Mpwapwa akirudi kutoka mjini kaumizwa, maneno mtaani ni yale yale: si alipanda basi mwenyewe, nani alimlazimisha? Wengi wanadhani usafirishaji haramu wa binadamu ni kutekwa na kuvushwa mpaka. Sivyo.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inatazama njia iliyotumika na kusudi lake. Aliyeahidiwa kazi ya mgahawa Dodoma mjini, kisha akalazimishwa kulala na wateja, amesafirishwa kiharamu, hata kama hakutoka nje ya mkoa. Ridhaa iliyopatikana kwa ulaghai haihesabiki. Akiwa chini ya miaka 18, hata huo ulaghai si lazima uthibitishwe.

Kinachomshikilia huko mara nyingi ni deni. Nauli, chakula, chumba, nguo, vyote vinaandikwa kwenye daftari la mwenye nyumba. Simu kanyang'anywa, na "dada" aliyemtoa kijijini anapajua kwao. Utakimbilia wapi? Tena huyo dada mara nyingi ni jirani au ndugu kabisa, jambo linaloniuma kuliko yote.

Akitoka, asianze kuulizwa maswali ya kumhukumu. Kama ameingiliwa karibuni, awahi hospitali kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndio wa kuwaona. Kwa mtoto, piga 116, ni bure.