Je, wajua kwa nini ng'ombe hurudia joto mvua ikishanyesha?

Machi imefika Kiruhura, Uganda, nyasi zimechipua, na Frizian, ng'ombe wa maziwa aliyekonda tangu Januari ameanza kunawiri hadi akaonyesha joto, yaani dalili za kutaka dume. Unamwita mhamilishaji ampandikize mbegu, unamlipa, na siku 21 baadaye ng'ombe yuleyule anataka dume tena. Watu hulaumu mbegu. Mara nyingi kosa ni la Januari.

Kifuko cha yai hukua ndani ya ovari kwa zaidi ya miezi miwili kabla ya kupasuka. Yai la mwisho wa Machi, basi, lilijijenga kiangazi kikiwa kimepamba moto, ng'ombe akitafuna mabua na kufuata maji mbali. Njaa na jua kali hulidhoofisha humo humo. Hata likirutubishwa, kiinitete chaweza kufa katika siku za mwanzo bila damu wala dalili yoyote. Kondoo wa Ulaya wao huzaliana kwa kufuata urefu wa mchana, lakini pale Kayabwe, mstari wa ikweta unapopita, mchana una urefu wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kwetu kinachotawala ni malisho, maji na ukali wa jua.

Nyasi changa nazo zina hila yake. Ng'ombe wa kilo 450 anahitaji kama kilo 13 za chakula kikavu kwa siku. Nyasi ambayo asilimia 85 yake ni maji itabidi ale karibu kilo 90, hawezi. Kinyesi kinalainika na mwili unaendelea kupungua. Protini inayozidi hugeuka urea kwenye damu, nayo huchafua mazingira ya mji wa mimba. Mpe nyasi kavu asubuhi kabla hajatoka zizini, na chumvi ya madini isikosekane.

Wakati wa jua kali joto la kutaka dume hudumu saa chache, tena mara nyingi usiku. Kaa zizini nusu saa kabla hakujapambazuka, na nusu saa nyingine jioni. Anayepanda wenzake si lazima awe ndiye. Mtazame anayepandwa akatulia, manyoya ya kiunoni yamevurugika, ute mwangavu unaning'inia kama uzi. Ukimwona asubuhi, apandishwe jioni. Ukimwona jioni, kesho asubuhi.

Sasa hesabu. Mimba ya mwisho wa Machi, siku 280, huzaliwa mwanzoni mwa Januari: maziwa yanapanda kileleni malisho yakiwa yamekwisha, na Machi unarudi palepale. Ukimpandisha katikati ya Juni, yai limekulia kwenye nyasi za Aprili na Mei, na ndama anazaliwa mwishoni mwa Machi, mvua ikinyesha. Ukimpumzisha siku 60 hadi 80, Juni nyingine imeshafika. Ng'ombe ambaye tayari huzaa Januari na kurudia joto Machi asiharakishwe. Ruka joto tatu au nne hadi Juni, huku ukimlisha silaji, yaani malisho mabichi uliyofukia mapema.