Pembe za ndovu zitazame Januari

Wageni wengi wa The Cloisters, jumba la sanaa ya Ulaya ya Zama za Kati lililoko kaskazini mwa Manhattan, New York, huja bustani zinapochanua. Mimi naipenda Januari. Kazi yangu ni kuhifadhi vitu vya kale vya mifupa na pembe, na vitu hivyo havitaki haraka. Asubuhi ya siku ya kazi, theluji ikiwa imetanda Fort Tryon Park, bustani kubwa inayolizunguka jumba, unaweza kusimama mbele ya kabati moja la kioo nusu saa nzima bila mtu kungoja upishe.

Jumba lilifunguliwa 1938 kwa fedha za tajiri wa Marekani John D. Rockefeller Jr., na ndani yake mna nguzo na mawe halisi ya monasteri za Ufaransa. Katika ua wa Cuxa, uliopewa jina la mojawapo ya monasteri hizo, msimu wa baridi varanda huzibwa kwa vioo na kujazwa mimea ya vyungu. Pita hapo, kisha shuka kwenye chumba cha Hazina.

Humo mna msalaba wa karne ya 12, unaodhaniwa ulichongwa Uingereza, wenye urefu wa karibu sm 58, umejaa watu wadogo na maandishi ya Kilatini. Wengi hudhani ni pembe ya ndovu. Sivyo: ni meno ya walarasi, mnyama wa bahari za kaskazini. Tafuta maungio. Jino la walarasi ni jembamba, haliwezi kutoa msalaba mzima, kwa hiyo fundi aliunga vipande. Tena jino hilo lina kiini chenye punjepunje. Pembe ya ndovu haina kiini hicho. Ikikatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana kama ukili katika mkeka.

Karne ya 13 mambo yalibadilika. Mafundi wa Paris walianza kupata pembe za ndovu wa Afrika, nyingine zikiwa na unene wa zaidi ya sm 10, na sanamu nzima ya Bikira Maria na Mtoto ikaweza kutoka katika kipande kimoja. Pembe hizo zilitoka wapi? Swali hili ndilo linalonirudisha kwenye makabati haya. Katika karne ya 10 msafiri na mwandishi Mwarabu al-Masudi aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, zilipelekwa Oman, kisha India na China. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba baadaye sehemu ya pembe za pwani yetu ilipitia Bahari ya Shamu na Misri hadi bandari za Mediterania, na kwangu hoja yao ina uzito. Vibao vya makumbusho huandika mahali kitu kilipochongwa. Nataka viandike pia malighafi ilitoka upande gani wa dunia, maana bila wawindaji, wachukuzi na manahodha wa huku, fundi wa Paris angebaki na mifupa na meno membamba.

Baridi nayo ina hatari yake. Hewa ya nje ikiingia ndani na kupashwa moto hukauka sana. Pembe hunyonya unyevu na kuupoteza, wala haisinyai sawasawa kila upande, ndiyo maana hupasuka, na vibao vyembamba vya pembe hupinda. Kinachotutisha zaidi sisi wahifadhi ni mabadiliko ya ghafla. Ndani ya makabati mengi huwekwa jeli ya silika ili kutuliza unyevu, na vipimo husomwa mara kwa mara. Nyufa ndefu unazoziona zikifuata urefu wa sanamu mara nyingi ni alama za ukavu wa zamani.

Ukifika kwenye sanamu ya pembe ya ndovu, usiishie mbele. Zunguka ubavuni, kama kabati linaruhusu, uone jinsi mwili mara nyingi unavyofuata mpindo wa pembe yenyewe. Kisha inama utazame mikunjo ya nguo na nywele: zilipakwa rangi na dhahabu, na katika vina ambavyo vidole havikufika, mabaki yake bado yapo.