Chaivu za Mombasa: yanayosemwa na yalivyo

Chaivu ni jamii ya kitunguu. Majani yake ni membamba, yana uwazi ndani kama mrija. Kwao ni nchi za baridi, na ushauri mwingi unaozunguka uliandikiwa huko. Ukiufuata neno kwa neno hapa pwani, chungu kitakufa mikononi mwako.

“Chaivu ni majani ya kitunguu tu.”
Yale mafungu ya Marikiti yenye shina jeupe nene ni kitunguu cha majani. Hung'olewa na kitako chake. Chaivu hukatwa, mizizi ikabaki, ikachipua tena miaka na miaka. Kuna pia chaivu ya Kichina, yenye majani bapa, maua meupe na harufu ya kitunguu saumu. Hii huvumilia joto zaidi, na anayeanza Mombasa afadhali aanze nayo.

“Inapenda jua, iache juani kutwa.”
Huko kwao, sawa. Juu ya dari ya zege wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari, chungu cheusi hupata moto hadi mizizi ikaungua. Ipe jua la asubuhi mpaka saa tano hivi, kisha kivuli. Panda wakati wa kusi, masika yakishapungua. Mbegu huota vyema kwenye nyuzi 15 hadi 21, kwa hiyo ziatike ndani, pale nyumbani penye ubaridi, kina cha sentimita 1. Mbegu ya mwaka juzi usijisumbue nayo: jamii ya kitunguu hupoteza uhai upesi. Ukipata wa kukugawia kitawi chenye mizizi, umeokoa miezi.

“Ncha zikikauka, inataka maji.”
Hapa ndipo chaivu nyingi za Mombasa huzikwa. Chomeka kidole udongoni hadi pingili ya pili. Pakavu, mwagilia. Lakini kama pana unyevu na ncha ni za kahawia, tazama ukingo wa chungu: ukiona ukoko mweupe, hiyo ni chumvi. Visima vingi vya kisiwani maji yake ni ya chumvichumvi, na kitunguu hakipatani na chumvi. Kila ukiongeza maji hayo, unaongeza ugonjwa. Chungu cha lita 5 kimiminie lita 10 za maji matamu, polepole, yapite na kutoka chini. Baada ya hapo tumia maji ya mvua uliyokinga.

Chumvi huingia pia kwa mchanga wa ufuoni na kwa samadi mbichi. Changanya udongo mwekundu mafungu mawili, mboji iliyooza fungu moja, mchanga wa mto fungu moja. Chungu kiwe na kina cha sentimita 20 na matundu manne au matano. Majani yakigeuka manjano na kulegea kuanzia shinani, hilo si la chumvi. Maji yametuama na mizizi inaoza. Ondoa kisahani cha chini.

“Ukiikata sana utaiua.”
Ngoja ifike sentimita 15, kisha kata kwa mkasi ukibakiza sentimita 3 hadi 5. Anayechuna ncha tu huachiwa vijiti vya kahawia. Kikonyo cha ua ni kigumu, kikate chini kabisa. Ua lenyewe linaliwa. Kila baada ya miaka miwili au mitatu shina hubanana: ling'oe, ligawe vitawi vya vitunguu vitano hadi vinane, upande upya.

“Itie mapema sufuriani ikolee.”
Haikolei, inapotea. Nyunyiza ukishaepua, juu ya mbaazi za nazi, supu ya samaki au mayai. Tumia kisu kikali. Ukiiponda kwenye kinu inageuka uji mchungu. Kuianika juani nako ni kutengeneza nyasi. Ikatekate, ikaushe maji kwa kitambaa, igandishe kwenye mkebe, uitie chakulani bila kuiyeyusha.

“Ni jani tu, halimdhuru mnyama.”
Paka na mbwa hudhurika: jamii yote ya kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu yao. Na paka wa Mombasa hawabishi hodi. Kininginize chungu roshanini, mbali na ukuta wanaopitia.